Mke Wangu Ameacha Kuonja

Shangazi Suzana mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uwahi, maana Jumapili hii kamati ya kipaimara ya jumuiya yetu inakaa kuamua togwa ya sherehe itoke kwa nani, na kwa mara ya kwanza tangu nioe inaelekea haitatoka nyumbani kwangu.

Mimi ni mwalimu hapa Songea, naishi Mshangano, na mke wangu Aurelia anauza togwa mbele ya nyumba yetu, na watu wanatoka mpaka Matogoro, wanawapita wauzaji wengine wote, wanakuja kwake, na wote wanamwita Mama Onja, kwa sababu kabla hajamuuzia mtu huteka kidogo kwenye kikombe chake mwenyewe, anaonja mbele ya mteja kama wazee wetu walivyofanya kumwonyesha mgeni kwamba kinywaji ni salama, mteja anasubiri, akisema "Imekaa, karibu," unamiminiwa, akisema "Leo bado, rudi kesho," basi hata uwe nani utaondoka na kiu yako.

Sasa Shangazi, mwezi uliopita nilihudhuria semina ya wajasiriamali pale mjini, wakatufundisha kujenga chapa ya biashara, mkufunzi akasema biashara isiyo na jina la kimataifa na nembo ya kutisha haifiki popote, nikarudi nyumbani nimewaka, nikamwambia Aurelia kwamba Mama Onja ni jina la kijijini, kuanzia leo sisi ni SELAU Royal Drinks International, Sel ni mimi Selestine na Au ni yeye, nembo ni chui aliyevaa taji amesimama juu ya dunia, chungu kiende stoo, togwa iingie kwenye chupa zilizofungwa, na kuonja mbele ya wateja ni marufuku maana si ustaarabu. Aliniangalia akasema, "Sawa, Mkurugenzi," nami kwa ujinga nikadhani ananipongeza.

Wateja wamekata mguu. Mzee Fransisko, mwenyekiti wa hiyohiyo kamati ya kipaimara, alikuja akashika chupa, akaigeuza, akamtazama chui, akauliza, "Mwalimu, hii nani ameonja?" Nikamjibu kwamba ubora umethibitishwa na menejimenti. Akairudisha mezani taratibu, akaaga. Jirani yetu Zulfa, anayeuza chapati pembeni yetu, ambazo watu walikuwa wanazishushia kwa togwa ya Aurelia, amenuna waziwazi, jana kaniambia, "Mwalimu, watu hawanywi chui." Na juzi chupa zikavimba kwa joto, kifuniko kimoja kikafyatuka kikapiga bango langu jipya palepale kwenye taji, na Aurelia hakucheka, zamani angecheka mpaka akae chini.

Nyumbani nako mambo yamebadilika kidogo, ingawa hilo si kubwa: zamani nikirudi kazini alinitekea togwa, anaonja, ananipa, "Imekaa, Baba Pamela," siku hizi ananiwekea chupa mezani imefungwa, anasema, "Karibu, Mkurugenzi," anaenda zake jikoni.

Swali langu, Shangazi: nibadilishe rangi ya nembo, maana labda bluu inafukuza wateja, au nitangaze redioni, au huyu chui nimpunguze meno?

Mwalimu Selestine, Mshangano, Songea.

*

Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitamani nipande basi nije nikuvute sikio.

Chui! Nani hapo Mshangano alikuambia ana kiu ya chui? Na aliyevaa taji, amesimama juu ya dunia! Togwa inauzwa mbele ya nyumba, baba, dunia ya nini?

Pole lakini. Najua ulimtakia mke wako mema, na semina si kitu kibaya. Ila mkufunzi wako alikufundisha kujenga chapa bila kukuuliza kama tayari unayo, na wewe ulikuwa nayo, tena ya kuonewa wivu. Mtu anayetoka Matogoro akiwapita wauzaji wote hafuati rangi. Anamfuata mama anayeweza kusema "Leo bado" na kuiacha hela ya mteja mfukoni mwa mteja. Unawajua wafanyabiashara wangapi wenye ubavu huo? Mimi simjui hata mmoja, na sokoni naenda kila siku. Ukawa naye ndani ya nyumba, ukamwambia hana ustaarabu.

Mzee Fransisko naye alikuuliza swali la maana kabisa. Ana watoto wa kipaimara, wazazi wao, wageni kutoka Peramiho, wote watakunywa kwa dhamana yake. "Menejimenti"! Menejimenti ina mdomo?

Sasa nisikilize. Chungu kitoke stoo leo, si kesho. Bango lishuke. Hilo jina la kimataifa lifunikie banda la kuku. Ukitaka kuandika kitu, muulize kwanza Aurelia, maana jina ni lake, na akikubali andika MAMA ONJA kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani atazisoma, na chini yake maneno yake mwenyewe: Imekaa, karibu. Mchoro ukiutaka, mkono wa mama na kikombe chake vinatosha. Maandishi hayohayo yaende kwenye aproni yake na kwenye ndoo za oda, yasibadilike kila unapotoka semina. Kikombe chake cha kuonjea kiwe chake peke yake na kiwe safi. Chupa achana nazo, zimeshakupigia bango, kesho zitampiga mteja.

Kwa Mzee Fransisko nendeni wote wawili kabla ya Jumapili. Wewe beba chungu, mdomo uuache nyumbani. Aurelia aonje mbele yake, na amwambie kwamba siku ya sherehe atasimama mwenyewe aonje mbele ya wageni. Kwa Zulfa pita ununue chapati, nyingi, na umwambie alikuwa sahihi.

Nimebakiza lile uliloandika kwamba si kubwa. Mwalimu, ulijisoma? Mke aliyekuwa anaonja kwanza ndipo akupe, sasa anakuwekea chupa iliyofungwa na kuondoka, nawe unaniuliza habari za meno ya chui! Huyo mama umemfutia jina lake mbele ya watu wake, na hukumuuliza. Wateja wanaweza kurudi wiki hii. Yeye ndiye wa kuhangaikia.

Kwa hiyo leo ukitoka kazini usiingie ndani kama mkurugenzi. Muombe radhi, kwa Kiswahili cha kawaida, bila neno hata moja la semina. Kisha kaa kwenye benchi la wateja, omba kikombe, usubiri kama wengine wanavyosubiri.

Na akikuambia, "Leo bado, rudi kesho," usibishane naye. Rudi kesho.

Shangazi Suzana.