Karavani ya Mama Mkwe

Noonkopir, Kitengela
14 Julai, 2004

Kwa mpendwa Mama Nzula,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mkwe wako Nashon, kutoka kwa binti yako Nthenya, na kutoka kwa wajukuu wako wote wawili. Sisi huku hatujambo, ila Valerie anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi ya mwezi huu na vumbi la malori ya mchanga. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba goti limepoa. Je, mbaazi zimeanza kukauka? Na yule ng'ombe wa pembe moja, bado anaruka ua kwenda kula kwa majirani? Utusalimie watu wote wa Mukuyuni, na wale wa kanisani pia.

Najua hutaisoma barua hii mwenyewe, Mama. Utasomewa na shemeji yangu Munguti, wewe ukiwa umeketi kwenye kigoda chako karibu na jiko. Kwa hiyo namsalimu naye papa hapa, na namwomba mwanao jambo moja tu: asome yote kama yalivyoandikwa, asiruke mahali popote. Kuna mahali atatamani kuruka.

Habari ya kwanza ni ya furaha. Nimenunua gari. Ni pikapu nyeupe, mpya kabisa, ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiendesha. Viti bado vimefunikwa nailoni na Nthenya amekataa itolewe, kwa hiyo tukikaa ndani tunapiga kelele kama watu wanaokula njugu. Majirani walikuja kuiona. Mmoja aliuliza kama nitabeba mchanga, mwingine akauliza kama nitauza maji, na fundi mmoja wa karibu akaniambia wazi kwamba mtu wa kiwanda cha saruji hana haja ya gari kubwa hivyo isipokuwa ameanza kujiona. Niliwajibu wote kwamba sitabeba kitu. Ni ya kuvuta. Nyuma yake imefungwa chuma kinene chenye kichwa cha mviringo, mfano wa kiazi, na hapo ndipo karavani inaposhikwa.

Karavani, Mama, ni kijumba cha bati jembamba kilichokaa juu ya magurudumu mawili. Hakina injini. Ndani kina kitanda, meza ya kukunja, jiko dogo la gesi na madirisha yenye pazia. Wenye nafasi hukivuta wakienda kutembea mbugani, lakini ndani ya hiki changu walikuwa wakilala wahandisi wa barabara kule Kajiado. Walipomaliza kazi yao wakakiacha, na kikaangukia mikononi mwa Gakuru, mwenzangu wa kazini, ambaye ana boma lake huko. Gakuru naye akaona heri afugie humo kuku wa mayai. Kwa miaka miwili kuku wamelala kwenye kitanda cha mhandisi na kutaga kwenye kabati lake la nguo. Nthenya alikiosha siku tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, na mpaka leo ukifungua droo ya chini, unaweza kukuta unyoya.

Tulijaribu kwanza kukivuta kwa pikapu kuukuu ya ndugu yake Gakuru. Hatukufika mbali. Pale penye kilima kidogo tu gari lilianza kutoa moshi, karavani ikaanza kuturudisha nyuma, na watu wawili wakaruka kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Ndipo nikajua kwamba nikilitaka jambo hili kweli, sharti niwe na gari lenye nguvu. Nikachukua mkopo wa chama chetu cha akiba, na Nthenya akatia sahihi bila kuniuliza maswali mengi. Alijua ni kwa ajili yako, Mama, lakini hakujua yote.

Kuvuta kitu si kama kuendesha gari. Ukikata kona lazima ukumbuke kwamba kuna mwenzako nyuma ambaye hajafika. Kurudi nyuma ndiyo balaa: ukizungusha usukani kushoto, chenyewe kinakwenda kulia. Nilijifunza hayo uani kwa Gakuru, nikang'oa nguzo mbili za ua wake na kuangusha kamba ya nguo, mpaka mkewe akasema afadhali kuku. Lakini Jumamosi ya juma lililopita nilitoka Kajiado asubuhi, polepole kabisa, malori ya Namanga yakinipigia honi, na nikafika Isinya salama.

Hapo Isinya nilisimama niangalie kama chuma bado kimeshika. Akaja mzee mmoja wa Kimaasai na fimbo yake, akanisalimu, "Sopa," nami nikamwitikia, "Ipa," maana hiyo ndiyo Kimaasai yangu yote. Alizunguka karavani mara mbili. Akachungulia dirishani, akaona kitanda. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Nyumba ni ya mwanamke," akasema. "Sisi huku ni mama anajenga, na ni yake. Hii ni ya mama gani?"

Nikamwambia ni ya mama mkwe wangu. Lilikuwa neno ambalo, isipokuwa Nthenya, sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa sauti. Mzee alicheka kidogo, akalipigapiga lile bati kwa kiganja, akaniambia basi nisiiendeshe mbio. Maneno hayo nilikwenda nayo mpaka Kitengela, na hayajaniacha nilale vizuri tangu siku hiyo.

Sasa umeelewa, Mama. Tarehe tisa mwezi ujao ni siku yako ya kupasuliwa jicho la kulia kule Nairobi, na daktari amesema lazima ukae karibu kwa majuma manne, uangaliwe na utiwe dawa kwa saa alizoandika. Nilipomtuma Munguti akuulize utakaa wapi, ulijibu kwamba utarudi Kimuka kwa rafiki yako Elizabeth uliyekuwa naye kwenye kwaya, kwa sababu huwezi kulala chini ya paa la mkwe wako na kumvunjia heshima. Ulisema mkwe wako ni Mjaluo lakini anaijua nthoni, ile heshima ya wakwe, kuliko vijana wengi wa Ukambani. Nimesikia kwamba unanisifu hivyo mpaka kanisani. Nthenya aliniambia kwamba ulisimama mbele ya akina mama ukasema, siku hizi wakwe wanaingia jikoni kwa mama wakwe zao kama paka, lakini Nashon wako akikuona njiani bado anapisha.

Basi nilifikiri hivi: karavani si nyumba, haina msingi. Nikiiweka uani kwetu, chini ya mti ulio mbele ya nyumba, utakuwa karibu na Nthenya bila kulala kwangu. Heshima yako itabaki, na sifa yangu itabaki. Mpango ulikuwa mzuri hata mimi mwenyewe nilianza kuuamini.

Munguti, ni hapa. Usiruke.

Mama, mwaka wa 2001, juma moja kabla ya jicho la kushoto kupasuliwa, Munguti alikuja kunitafuta kwenye geti la kiwanda. Alikuwa na ujumbe wako. Ulisema umeongea na mchungaji na umeomba, na umeona kwamba jicho limetoka kwa Mungu na desturi imetoka kwa watu, kwa hiyo ungekubali kulala kwa Nthenya mpaka upone, iwapo mkwe wako hataona vibaya. Nakumbuka Munguti alikuwa ameshika kofia mkononi. Alijua kwamba si neno jepesi kwa mama wa umri wako kulituma kwa mkwe.

Mimi nilimjibu, "Mwambie Mama namheshimu sana. Lakini sisi Wajaluo hatuwezi. Mama mkwe halali kwa mkwe."

Ni kweli hata kwetu desturi hiyo iko. Lakini haikuwa desturi iliyosema siku ile, Mama. Ilikuwa aibu. Mwaka wa 1996, siku tuliyoleta mahari, wazee wenu walipouliza binti yao atakaa wapi, nilisimama nikasema niko na nyumba ya mawe ya vyumba vitatu hapa Noonkopir. Mkapiga vigelegele. Wakati huo nilikuwa na ploti na nguzo nne. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja cha mabati, na mwaka wa 2001 bado tulikuwa humo humo, pazia katikati, Valerie upande huu na sisi upande ule. Mvua ikinyesha tuliweka sufuria juu ya kitanda. Nthenya hakuwahi kukwambia. Alinifichia miaka yote hiyo, na kila alipokuja kwenu alivaa vizuri.

Niliyaogopa macho yako. Nilijua ukiingia pale utatazama huku na huku, hutasema neno, na utanijua. Nikaona heri nikufungie mlango kwa kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukipinga.

Kisha nikarudi nyumbani nikamwambia Nthenya kwamba wewe ndiye uliyekataa.

Ukaenda Kimuka. Elizabeth alikutunza kwa moyo wake wote, naye hana lawama. Lakini siku ile jicho lilipoanza kuuma mvua ilikuwa imeikata barabara, na wewe ukafikiri ni maumivu ya kawaida ya kupona, ukavumilia siku mbili. Tulipokufikisha hospitalini nilikuwa nimesimama kwenye korido, kwa sababu ya ile heshima yangu, na mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia daktari akikuuliza kwa upole kwa nini hukuletwa siku ile ile. Ukamjibu kwamba ulikuwa mbali. Hapa kwetu hungekuwa mbali, Mama. Nthenya angekutazama asubuhi na jioni, na gari la kwenda Nairobi tunalipandia hapa barabarani.

Hilo ndilo jicho nililolipoteza mimi. Nimelibeba miaka mitatu, na kila uliponisifu lilizidi uzito. Nyumba ya mawe ilipokwisha mwaka jana, vyumba viwili, si vitatu, nilitaka kukwambia uje. Lakini ningewezaje kusema kwamba sasa desturi imeruhusu? Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwaka wa tatu, na nimeinunulia hata gari. Watu wananunua gari kwa haja au kwa majivuno, lakini mimi nilinunua pikapu na karavani ili nisilazimike kusema maneno haya ambayo sasa nimeyasema.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimwambia Nthenya. Hakupiga kelele. Siku mbili alipika na kupakua bila kunitazama. Jana jioni akaniambia kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akikulaumu moyoni, akidhani mama yake alichagua desturi akaacha jicho, na kwamba mara mbili alikataa kuja Mukuyuni Krismasi kwa sababu ya uchungu huo. Kisha akasema, "Andika kwa mkono wako. Usinitume mimi, na usimtume Munguti kwa mdomo." Mara mbili nilipiga simu ya Munguti nikaikata kabla hajashika, kwa hiyo nimeandika.

Munguti, nawe nisamehe. Ulibeba neno langu ukidhani ni la heshima. Lilikuwa la uongo, na wewe hukujua.

Mama, najua kwenu mkwe aliyekosa huleta mbuzi. Mbuzi nitaleta. Lakini mbuzi harudishi jicho, na sikutaka atangulie mbele ya maneno. Sikuombi uendelee kunisifu. Ukitaka kusimama tena mbele ya akina mama na kuyafuta uliyoyasema, ni haki yako. Ninachokuomba ni kimoja tu: usikose tarehe tisa, na usikae mbali na mtu wa kukutazama hilo lililobaki.

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo umefungwa kwa karatasi ya daftari la Valerie. Ni ufunguo wa karavani, na uko mmoja tu. Mimi sijalala humo hata dakika moja. Ukitaka, karavani itakaa uani kwetu na mimi nitapita mbali. Ukitaka nyumba, kuna chumba kina kitanda tayari, na mimi nitahamia kwa Gakuru majuma hayo manne ili paa liwe la Nthenya peke yake. Na kama baada ya kusikia haya hutaki kuliona boma langu kabisa, hilo nalo nimelifikiria. Nitaivuta karavani mpaka kwa Elizabeth, au mpaka karibu na hospitali yenyewe, au popote utakaposema, nimwache Nthenya humo pamoja nawe, na mimi nirudi. Gari lina nguvu ya kufika. Kwa kazi hiyo, angalau, sikukosea kulinunua.

Nthenya anakusalimu sana, na amesema yeye atakuja Jumamosi akuombe msamaha wake mwenyewe. Valerie anauliza kama unyoya aliouokota kwenye droo ni wa kuku au wa mhandisi. Mdogo wake ameanza kukuita nyanya kwa Kikamba, "susu," kila akiona picha yako. Mungu akulinde, akuongoze, na akupe usingizi mwema.

Pikapu ina mafuta, na karavani bado imefungwa nyuma yake. Sijaifungua. Wewe ndiye mwenye nyumba, nami nangoja uniambie niipeleke wapi.

Ni mimi, mkwe wako,
Nashon Opiyo