Mukeke wa Libère

Musaga, Bujumbura, Juni 2003

Mjukuu wangu Bella,

Nimekuficha jambo juu ya ufito wangu wa kuvulia, na sasa pumzi zinaniishia.

Asante kwa dawa na sweta, Mungu akulipe. Unauomba ufito umfundishe mwanao. Mwambie watu wa kale wa Makedonia walifunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano, samaki akadhani ni nzi. Nzi huyo hana uzito, kwa hiyo unachorusha ni mshipi wenyewe.

Unasema Amélie, binti wa jirani yetu Libère, amekimbilia kwako Kigoma, ukamfungia mlango kwa ajili ya kabila lake.

Mtaa wetu ulipozingirwa wakati wa vita, kila asubuhi nilikuja na mukeke, samaki wa ziwa letu, nawe ukanipigia makofi. Libère alikuwa amenisihi, "Muzee, sema umevua we mwenyewe. Watu wangu wakijua ni mi, wataniua." Juzi tumemzika, na leo namshukuru kwa jina.

Mfungulie binti yake. Mukeke huvuliwa kwa taa na wavu, Bella. Kwa ufito ule sikuwahi kuvua hata mmoja.

Babu yako akupendaye,
Valéry