Chapati ya Dagaa Aliyoitaka Mzee

Bulyanhulu,
Jumamosi asubuhi.

Wifi yangu mpenzi, Mama Noela,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kaka Pantaleo na watoto, na kwamba huko Didia mvua imewakumbuka. Mimi ni mzima, ila magoti ndiyo kama unavyoyajua. Huyu mama aliyekuletea barua mkalishe kivulini, mpe maji ya kunywa, kisha usome mpaka mwisho kabla hujamwuliza jambo lolote.

Najua utashangaa kwa nini naandika kama watu wa zamani wakati simu zipo. Wifi, simu yako sikio limekufa, kila tunachoongea kinatoka kwa spika, na baba yupo palepale kwenye kiti chake anasikia. Haya sitaki ayasikie kwa spika.

Tangu uliponiambia baba hali, kwamba uji anaugeuzia uso na ugali anausukuma, na kwamba kitakachoshuka kooni ni kimoja tu, ile chapati ya dagaa ya machimboni, mimi sijatulia. Nilidhani ni kazi ndogo. Geita watu wanapenda kula, wewe umefika umeona. Kila kona ya Kalangalala kuna mtu amebana kitu katikati ya chapati mbili, na kila mmoja anaapa kwamba ya kweli ni yake, wengine wanamwiga.

Nilianza pale stendi, kwa bwana anayebana mayai na kabichi. Nikamkabidhi kondakta, ikafika, na jibu la baba ukaniletea mwenyewe: kwamba yeye si mtoto aliyeachishwa ziwa alishwe mayai. Nikaenda kwa Violeth wa kwaya yetu, yeye anabana sangara. Mdomo wake unaujua. Alinihakikishia mzee akiila hiyo atainuka aulize habari za kuoa. Hakuinuka. Ulisema aliinusa tu, akampa mbwa. Nikapata nyingine sokoni, dagaa wenyewe kabisa, wa kukaanga na pilipili, nikasema Mungu amejibu. Kondakta akaila njiani, halafu akanipigia kuomba radhi na kuuliza nilikoinunua. Nikatuma tena. Baba akatafuna tonge moja akasema haina karanga.

Karanga, wifi. Siku hiyo nilikaa jikoni nikalia kwa hasira. Nilimwambia Mungu kama hili ni jaribu basi limenizidi, maana nani katika mji ule anatia karanga kwenye dagaa wa kubana na chapati? Violeth alicheka akasema baba yangu haumwi, anadeka. Nilikaribia kumjibu vibaya, tena tukiwa kwenye uwanja wa kanisa.

Aliyenisaidia ni Marwa, jirani yangu mwendesha bodaboda, zamani alikuwa mchimbaji. Alisema huku Bulyanhulu, karibu na mashimo ya wachimbaji wadogo, kuna mama anayechanganya dagaa na karanga za kutwanga, anabana, anafunga kwenye nailoni, na mchimbaji anashuka nayo shimoni mfukoni. Jana nikapanda basi la Kahama, nikamalizia kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno.

Nilipoiuma tu nikaijua. Ilikuwa mboga ya mayu, marehemu mama yetu, na ile ndimu yake ya mwishoni. Nikamtazama mpishi. Amenenepa, amefunga kilemba, lakini alikuwa Agnetha, mdogo wangu.

Wewe uliolewa ukakuta jina hilo halitajwi, na hukuuliza, Mungu akubariki. Agnetha alitoroka na mchimbaji wakati ng'ombe wa mahari wa mchumba mwingine wameshaingia zizini. Baba aliwarudisha ng'ombe wale mbele ya ukoo mzima, kwa aibu kubwa, na palepale akaapa kwamba chakula atakachopewa kwa mkono wa Agnetha hakitapita kinywani mwake. Nasi tukanyamaza wote.

Agnetha akanisimulia: kumbe kila baada ya mavuno, baba aliposema anapeleka mchele machimboni, alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi la Agnetha. Anaonyesha kwa kidole. Anakula mpaka makombo. Anaweka hela mezani, anaondoka. Agnetha anamwamkia shikamoo kila mara, na kila mara mzee anatazama chini. Aliapa kutopewa, hakuapa kutonunua. Ndivyo alivyojitafutia njia.

Mimi nikafungua pochi ninunue nyingi nikuletee. Agnetha akanifungia pochi kwa mkono wake wenye unga, akaniambia, "Dada, kumwuzia baba nimechoka. Safari hii siuzi. Nitampikia, nimpe, apokee."

Wifi, nilimfokea. Nilimwambia mzee amebaki mifupa na yeye analeta masharti, kiburi hicho amekitoa kwa baba huyohuyo. Akasema ndiyo, amekitoa kwa baba. Kisha leo alfajiri akaanza kufungasha unga na kikaango chake, na mimi nakuandikia hapa kwenye benchi alilokuwa akikalia mzee.

Basi huyo uliyemkalisha kivulini ndiye. Nilitaka kumsindikiza akakataa, alisema nikiwepo baba atazungumza na mimi. Mwonyeshe jiko. Karanga anazo, dagaa anao. Sahani aipeleke mwenyewe, usimpokee. Kaka Pantaleo asithubutu kutoa hela, na mzee akiingiza mkono mfukoni, mwambie kwa adabu yako ya ukwe kwamba hapa ni nyumbani, hapauzwi chakula.

Sijui kama atapokea au atazikwa na kiapo chake. Naomba, lakini tangu jana hata maombi yangu yana hasira.

Nisalimie Noela na wadogo zake, na mama mchungaji. Agnetha akipiga magoti kumwamkia baba, nipigie. Usiseme kitu. Weka tu simu pale karibu na kiti, na spika yako hiyohiyo, nisikie kama ataitikia.

Wifi yako katika Kristo,
Dorah