Nimerudi Kondoa kwa Mke Mwenzangu

Jumanne, 1 Julai 1913. Dodoma

Nimeshuka garini salama. Mgongo unauma, masikio bado yanavuma — lakini nimeshuka. Mjane peke yake, kikapu kimoja na mkeka. Kule Bagamoyo shemeji Hasani alikwisha nitengea chumba kwake. Eda yangu ilipoisha akaanza kuniita amana ya marehemu kaka yake. Sikugombana naye. Nikakata tiketi.

Dodoma hii siijui. Tulipopita hapa zamani na mume wangu Bashiri, Mungu amrehemu, palikuwa na visima na vichaka vya miiba. Leo stesheni, mabati, maduka ya Wahindi. Pazuri, ila si pangu. Mimi naitaka Kondoa, nilikokaa miaka yangu mizuri — chemchemi, nyumba za udongo zenye mapaa bapa, msikiti mdogo. Shemeji anasema mji umekufa tangu misafara iishe. Na Mishi, mke mwenzangu tuliyemwacha huko kwao, eti amekufa kwa ndui.

Nikaone mwenyewe.

Alhamisi, 3 Julai. Msalato

Nimetembea kidogo tu. Goti. Upepo wa Ugogo mwezi huu unapenya mpaka kwenye mifupa. Nimelala kwa mama mmoja wa misheni, Loisi, Mgogo. Ugali wa uwele na mlenda. Kiswahili chake cha kuokota, Kigogo changu nimekisahau, tukaelewana hivyo hivyo. Aliuliza nani ananisindikiza. Nikasema hakuna. Akanitazama sana, akasema kwao mwanamke akionekana njiani hivi, watu hudhani amefukuzwa.

Nikamwambia sikufukuzwa, nimetoka. Akacheka mpaka akakohoa.

Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu msiba.

Jumatatu, 7 Julai. Haneti

Yuko hai!

Nimekutana na Mrangi mmoja, Msafiri, anapeleka asali na samli Dodoma. Nikamuuliza habari za Mishi, mke wa Bashiri wa Pwani. Anamjua. Anauza mikate ya uwele karibu na msikiti. Ndui ilimpata kweli, ikamwachia makovu usoni, basi. Nikakaa chini pale pale njiani nikalia, na yule bwana kasimama na mzigo wake, hajui aende au abaki.

Kisha akaongeza: kila atokaye Pwani, Mishi humuuliza Bashiri anakuja lini.

Kwa hiyo hajui. Hakuna aliyempelekea habari. Itabidi niwe mimi.

Jumatatu, 14 Julai. Kondoa

Upo. Mji upo. Soko limepungua, uwanja wa kambi ya wapagazi umeota majani, bendera ya Wadachi iko juu ya boma. Lakini chemchemi inabubujika vile vile. Nikanawa uso, nikaosha miguu, nikakaa juu ya jiwe. Nilitaka kupumzika kidogo kabla ya kwenda kumharibia mtu siku yake.

Sikuwahi. Mishi alikuja na mtungi. Akasimama. Akaniita kama zamani, Bi Mkubwa, na huku anatazama nyuma yangu, njiani, akimtafuta mtu wa pili.

Nikasema, "Hayupo, Mishi. Alifariki baada ya Idi Kubwa. Homa. Alifia kitandani kwake."

Akauweka mtungi chini polepole. Hakulia. Akasema, "Nilidhani hanitaki tena kwa uso huu."

Bashiri hakujua hata kama Mishi aliugua. Nikamwambia hivyo. Ndipo tukalia, wote wawili, watu wakitupita na maji yao.

Jumanne, 15 Julai

Mwalimu wa msikitini amekuja kutoa pole. Kasema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama mke hana habari. Ya Mishi basi imekwisha. Mishi alimsikiliza kwa adabu. Mwalimu alipoondoka, Mishi akaniambia miezi ile yote alikuwa sokoni, wanja machoni, anataniana na wateja, kumbe mjane! Tukatazamana. Akaanza yeye kucheka, nikamfuata. Aibu — lakini kifua chepesi.

Atakaa ndani siku chache, kwa ajili ya moyo wake tu.

Hajaniuliza narudi lini. Nami sijasema.

Jumatano, 16 Julai

Mikate nauza mimi. Wa kwanza umeungua. Wa pili umeng'ang'ania chungu. Mishi ananielekeza kwa sauti toka ndani, nipunguze kuni. Wateja wanauliza mimi nani. Nasema mke mwenzake Mishi. Wanacheka, wananunua.

Sasa pametulia kidogo, naandika na unga vidoleni. Amekuja askari wa boma. Ramadhani inakaribia, anataka kujua kama yeye na wenzake watapata mikate ya kufuturu hapa kwangu, mwezi mzima.

Ndani Mishi kaacha kutwanga, anasikiliza.

Nimemuuliza askari watakuwa wangapi.