Nimewapatia Nyumba Rasbura

S.L.P. 43,
Lindi.
Jumatatu, 14 Juni 1976.

Mpendwa mdogo wangu Yunusu,

Marahaba, mwana wa mama yangu. Shikamoo yako ilifika katikati ya mwezi uliopita ndani ya bahasha iliyochakaa pembe zote nne, nami nimeipokea. Natumai na hii itakukuta mzima huko Tabora, na Kibibi mzima, na Pazi na wadogo zake wanakula na kucheza. Je, kile kikohozi cha Pazi kimekwisha? Mwambie Kibibi asimpe tena maji baridi asubuhi.

Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Goti linamsumbua akiamka, lakini ikifika adhuhuri analisahau na kwenda kugombana na kuku wa jirani. Shule yetu imefungwa wiki hii, kwa hiyo mchana ninapumzika na jioni ninawafundisha wale watu wazima wangu. Wanasoma vizuri sasa, isipokuwa wanasinzia tukifika kwenye hesabu.

Sasa nije kwenye jambo lililokufanya uandike kurasa mbili, wewe ambaye kwa kawaida hunipa robo ya ukurasa. Nimefurahi mno kusikia unahamishiwa huku kwetu mwanzoni mwa Agosti. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Nimeelewa pia kwamba kambi ya jeshi haina nyumba za familia kwa sasa, orodha ya wanaosubiri ni ndefu, na mmeambiwa mpange uraiani. Hayo yote sawa.

Lililonishinda ni ule mstari wa chini, unaponiomba nikutafutie chumba kimoja tu, kwa sababu Kibibi na watoto watabaki kwa wazazi wake "mpaka hali itengemae". Niliusoma mara tatu, na kila mara nilikasirika upya. Maneno hayo hayo uliyasema ulipopelekwa Mtwara, na hali ikachukua miaka miwili kutengemaa. Wewe mwenyewe uliniandikia jinsi ulivyorudi likizo, mwanao Hasani akakimbilia nyuma ya mama yake na kumwambia kwamba kuna mjomba amekuja. Uliandika kwamba ulicheka mbele ya wakwe zako, kisha ukashindwa kula. Barua hiyo ninayo hadi leo sandukuni. Kama wewe umeyasahau, mimi sijayasahau, na sitaki mtoto yule akuite mjomba mara ya pili.

Kwa hiyo nilikukatalia kimya kimya nikaanza kutafuta nyumba ya watu watano.

Nilianza na katikati ya mji, kwa sababu najua unavyopenda kuonekana. Kuna ghorofa kule Uhindini ina roshani, bomba liko jikoni, na sakafu inang'aa utadhani imepakwa mafuta. Koplo Laurenti, huyo rafiki yako uliyemwambia anisaidie, aliipenda papo hapo. Lakini kodi yake inameza nusu ya mshahara wako kabla hata hujanunua chumvi. Ungekaa roshani ukipokea saluti za wapita njia, na watoto wangekula hizo saluti.

Tukaenda bondeni, karibu na mikoko. Huko ni rahisi mno, rahisi hadi nikaingiwa na shaka. Ukutani kulikuwa na mstari wa rangi ya udongo unaofika magotini. Nikamuuliza mwenye nyumba, akasema ni rangi ya zamani. Nikamwambia mimi nimezaliwa Lindi, na hiyo rangi huwa inaletwa na mvua za masika. Akacheka, tukaagana vizuri. Mbu wa pale sitaki hata kuwasimulia.

Basi tukageukia Rasbura, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujifunika kanga usoni.

Nilikuwa nimesikia kuwa Bi Mwanaasha, mjane mmoja wa Rasbura, ana vyumba vitatu vya nyuma vilivyo vitupu tangu mwanawe ahamie Dar es Salaam. Nikajidai mjanja. Nikamwambia Laurenti avae magwanda yake, ayapige pasi, na viatu avisugue, ili mama yule ajue kwamba mpangaji ni mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa uhakika. Mimi mwenyewe nikatoka moja kwa moja shuleni na daftari langu la mahudhurio kwapani, na kalamu mkononi. Fikiria sasa, Yunusu. Askari mmoja, mwanamke mmoja mwenye daftari, tumesimama mlangoni kwa mjane tukiitazama nyumba yake juu hadi chini, na mimi nauliza ina vyumba vingapi.

Mama wa watu alitutazama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Hii nyumba si yangu, mwanangu. Ya mirathi hii, haijagawanywa. Hata mie mwenyewe napita tu hapa."

Laurenti akataka kumweleza, akapiga hatua moja mbele na viatu vyake vile. Bi Mwanaasha akarudi ndani na kufunga mlango. Nyumba ya jirani nayo ikafunga mlango. Tulipofika mwisho wa mtaa, hakuna mtu hata mmoja Rasbura aliyekuwa na chumba cha kupangisha, na wawili kati yao walikuwa hawajui hata majina yao.

Jioni ile mmoja wa wanafunzi wangu watu wazima ndiye aliyenifungua macho. Mwaka ule wa operesheni ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa, kaka yake Bi Mwanaasha alikuwa na nyumba nzuri mashambani, upande wa Kilwa. Watu wa serikali walikuja hivyo hivyo, mmoja na magwanda na mwingine na daftari, wakauliza ina vyumba vingapi. Wiki iliyofuata lori likaja, paa likaezuliwa, na mzee na mikorosho yake iliyokomaa wakatengana. Kijiji kipya kina shule na zahanati, na wajukuu zake wanasoma, hilo sikatai. Lakini mtu aliyeona paa la kaka yake likishushwa chini, ukimwendea na daftari atakujibu nini? Niliona aibu kweli. Mimi nimekaa mji huu miaka yote hiyo nikijiita mwalimu.

Nikasubiri siku sita. Siku ya saba nikaenda peke yangu, bila daftari wala kalamu, na kanga zangu mbili kama mtu anayekwenda kusalimia. Nikapiga hodi uani. Nilimkuta akibangua korosho, nikaketi kwenye mkeka nikabangua naye, na mikono yangu imebabuka hadi leo. Sikutaja nyumba. Tuliulizana ya Mama, ya mvua, ya bei ya mchele, nikaaga. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu ni yeye aliyeanza, akaniuliza, "Yule askari wako, mwalimu, alikuwa anataka nini hasa?"

Nikamweleza ukweli wote, kwamba yule hakuwa wangu, wangu yuko Tabora na anarudi kwao. Nikamwomba radhi kwa daftari lile. Akabangua korosho tano au sita, kisha akasema, "Mie askari simtaki. Askari leo yupo, kesho kapewa barua kaondoka, chumba kimebaki na misumari ukutani. Kwanza niambie mkewe ni nani."

Basi mdogo wangu, kuanzia hapo hatukukuzungumzia wewe tena. Alitaka kujua Kibibi ni mtu wa aina gani. Anaamka saa ngapi? Ana watoto wangapi, na anawasemaje wakikosea? Ni mtu wa kelele? Nikamsifia wifi yangu bila kutia chumvi, kwa sababu hahitaji chumvi. Nilipomwambia kwamba ana cherehani na anashona magauni ya shule, Bi Mwanaasha aliacha kubangua. Mtaa ule wote hauna fundi wa nguo za wanawake. Wanakwenda mjini kwa miguu kupeleka kanga zikapindwe.

Nyumba yenyewe nitakueleza kama ilivyo, usije ukasema nilikuficha. Ni ya miti na udongo, imepakwa chokaa, bati mbele na makuti nyuma. Chumba kimoja cha nyuma kinavuja upande wa dirishani, na fundi ameahidi kubadili makuti kabla ya mwezi wa nane. Choo mtatumia pamoja na mwenye nyumba. Kisima kiko uani, maji yake yana chumvi kidogo, ya kufulia tu. Ya kunywa mtachota bomba la mtaa, nalo hutoka asubuhi, kwa hiyo mtu asilale mpaka jua liwe kali. Shule ya Pazi haifiki robo saa kwa miguu. Kambini utakwenda kwa baiskeli, na jasho litakutoka, lakini wewe si ndiye unayejisifu kwa mbio?

Kodi haifiki robo ya mshahara wako. Kulikuwa na tatizo moja. Bi Mwanaasha anahesabu mwezi kwa kuandama, kama walivyofanya wazazi wake, na jeshi linalipa kwa kalenda. Nilijua miezi hiyo miwili ingepishana polepole, mwisho ungedaiwa kodi mifuko ikiwa mitupu. Tulibishana kwa adabu siku nzima. Amekubali kwamba kodi atapokea siku ya pili baada ya mshahara wako, na sisi tumekubali kwamba mwezi wa kwanza tunaanza kuuhesabu mwezi ukiandama. Kila mtu amepata lake.

Ninachokutaka ufanye sasa ni kimoja. Laurenti ananiambia waranti ya safari ya familia, ile hati ya kusafiri kwa gharama ya jeshi, huombwa kabla askari hajaondoka kituoni. Ukiondoka peke yako, baadaye nauli ya watu wanne itakuwa juu yako, nami nakujua, utasema tusubiri kidogo. Nenda ofisini kwenu wiki hii hii ukaombe ya watu watano. Mkitoka Dar es Salaam, Mjomba Huseni atatoka Kivinje kuja kuwangoja njia panda ya Nangurukuru, awape watoto chakula. Msimruhusu awashawishi mlale kwake, maana ataanza hadithi na mtakaa wiki. Nataka mfike na kuzoea kabla ya Ramadhani.

Msalimie sana wifi yangu Kibibi, mwambie nguo za kushona zimeshaanza kumsubiri. Wabusu Pazi na wadogo zake, na Hasani mpe salamu zake peke yake kutoka kwa shangazi yake. Wakwe zako wape shikamoo yangu, na uwashukuru kwa kuwatunza watoto muda wote huu. Mama anakuombea kila sala, nami nasema amina. Mwenyezi Mungu awafungulie njia, awafikishe wote watano salama.

Jambo la mwisho, nalo ulisome taratibu. Jana nilimuuliza Bi Mwanaasha, kwa kutaka kujua tu, ingekuwaje kama ungetangulia peke yako ukae mwezi mmoja au miwili. Akaniambia ana wajukuu watatu wa kike katika ua ule, na mwanamume asiye na mkewe hatalala humo hata usiku mmoja. Kisha akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akanipa. Alisema ni wa Kibibi, niutie mkononi mwake mwenyewe. Kwa hiyo nyumba unayo, Yunusu, lakini umeipata kwa sababu ya mkeo. Ukishuka kwenye basi peke yako nitakupokea kwa furaha na nitakupikia, nawe utalala kwa Mama pamoja na kuku wa jirani. Ufunguo sitakupa.

Ni mimi dada yako akupendaye kuliko unavyostahili,

Mwanaima