Hadithi Niliyoiacha Mlangoni

Mlali, Morogoro

Mama yangu,

Shikamoo. Naitoa kwa magoti yote mawili ingawa hunioni. Mgongo umepoa? Baba bado anabishana na redio? Mimi mzima kabisa, nimenenepa, ukinikuta sokoni utanipisha njia ukidhani mheshimiwa.

Najua unashangaa kwa nini kijana mwenye simu kubwa anakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani. Tulia, nitafika huko.

Nilipoacha shule kidato cha pili ulisema nitakula nyasi. Hukujua umezaa mtunzi! Nilipofika huku nilipeleka hadithi zangu kwa mchapishaji mmoja pale mjini. Mzee wa watu akazipima mkononi kama anayenunua nyama, akasema, "Kijana, siku hizi vitabu vinavyotoka ni vya shule tu. Hadithi watu wanazitaka kwenye simu." Mwingine angelia. Mwanao akaweka bando. Sasa nazisimulia kwa sauti, nazikata vipande, natuma kwenye kundi letu la simu, na anayetaka kipande cha mbele anatoa hela kwanza. Mtunzi mimi, mchapishaji mimi, duka mimi. Wote hao tunalala kitanda kimoja na hatugombani.

Ufundi wenyewe ni kukata. Unakata pale msikilizaji ameshika roho. Basi nikaichukua ile ya bibi, marehemu mama yako, ya binti aliyeachwa peke yake nyumbani, kitu kikaja kubisha hodi kwa sauti ya mama yake. Nikaikata hapohapo: kitu kiko nje, binti ameshika komeo. Wee! Kundi likafurika.

Huwa narekodi mchana, watu wakiwa mashambani. Ukungu ukishuka kutoka mlimani hata kuku wananyamaza. Siku hiyo Bi Zena, mama mwenye nyumba wangu, Mluguru wa hukuhuku, alirudi na furushi la majani ya maharage kichwani akanikuta.

"We Mnyamwezi, hadithi mchana?"

"Biashara, bibi."

"Umeimaliza?"

"Wakilipa."

Akatua furushi. "Kwetu hadithi ikifunguliwa inafungwa palepale. Umemwacha mgeni mlangoni, unadhani ataenda wapi?"

Nikamcheka. Nikamwambia kama anaogopa, nimuoe, nimlinde.

Kipande kilichofuata nikamwacha binti palepale kwenye komeo, nikazungusha maneno tu, na wasikilizaji wakanimwagia sifa. "Huyo bibi anayeitikia umemtoa wapi? Mwongezee nafasi!" Bibi gani? Nilikuwa peke yangu. Nikasikiliza. Nasema, "Hadithi, hadithi!" Na kabla sijavuta pumzi, kisauti kinakuja kwa mbali, kama cha mtu aliyeegemea mlango kwa nje: "Hadithi njoo." Nikafuta, nikarekodi upya. Kikaitikia karibu zaidi.

Na mwanao nikakituma hivyohivyo, mama. Wateja wakaongezeka, nami nikajiita fundi.

Halafu Ijumaa nikakupigia. Unakumbuka ulivyoniuliza? "Shabani, mbona nikikuita anaitika mwanamke?" Nikasema mtandao, nikakata. Haukuwa mtandao. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na naandika midomo nimeifumba.

Nilimwendea Bi Zena utani wote umeniishia. Akasema, "Si mtunzi wewe? Ifunge." Tukakaa wawili chumbani kwangu, mlango tumeurudishia, ukungu umejaa uani. Yeye akaitikia, mimi nikasimulia mpaka pale kwenye komeo. Lakini mwisho siujui, mama. Bibi alipokuwa akitusimulia nilikuwa nasinzia kabla hajafika. Basi nikatunga wangu: binti akafungua, kumbe ni mama yake kweli, wakakumbatiana, ikaishia hapo.

Nyuma ya mlango pakasikika, taratibu, bila hasira yoyote: "Sivyo."

Bi Zena hakukimbia. Alinikamata mkono tu, akaninong'oneza, "Nani kwenu anaujua mwisho?"

Ni wewe, mama. Wewe ulikuwa unabaki macho.

Basi mwambie dada yangu Rehema auandike wote, kama bibi alivyousema, asiruke hata pale pabaya. Usimsimulie mchana. Subirini giza liingie, uanzie mwanzo, usisimame njiani. Barua ampe kondakta wa basi, nitaipokea stendi ya Msamvu. Ikifika nitairekodi nzima, nitaituma nzima, bure. Wateja watakaokasirika wakasirike. Nitatunga nyingine, fupi fupi, za kuisha kwa kikao kimoja, niziuze nzima kama mikate. Simu zimebadilisha biashara, na mimi najua kubadilika kuliko kinyonga. Ila kukata, basi.

Nisalimie baba na redio yake. Shangazi muuza asali mwambie huku asali ipo lakini haina adabu kama yake. Mjomba fundi baiskeli, aliyesema sitafika popote, mwambie nimefika, tena pabaya. Rehema mpe pole ya mkono mapema, maana ataandika sana.

Na mama, kama mwishowe binti alifungua, usinifiche, wala usiupambe. Niandikie wazi alichokikuta. Chumba changu kina mlango mmoja, na atakayeisoma kwa sauti ni mimi.

Ni mimi mwanao, mzuri wa sura mpaka sasa,

Shabani