Chokaa ya Pantelei

Izvoreni, 20 Januari 2013

Kaka Ilarion,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nayaulizia magoti yako. Yanakufikisha dukani, au bado unamtuma jirani? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kikohozi hakijaniacha tangu tumzike mume wangu Pantelei. Arobaini yake tuliisoma vizuri. Padri alikuja kwa miguu katika theluji, na hakuna aliyekulaumu kwa kutofika, maana barabara ya Bălți ilikuwa imefungwa.

Nakuandikia kwa sababu ya ukuta. Ni ule wa kaskazini, wa chumba kidogo ninacholala. Umelowa kuanzia sakafuni hadi kiunoni pangu, na una kuvu nyeusi kama masizi ya sufuria. Veta alipokuja kumzika baba yake alilala humo usiku mmoja, na mjukuu wangu Damian akakohoa mpaka kukakucha. Veta akaweka kiganja ukutani, akakinusa. "Mama," akasema, "hii si nyumba, hiki ni kisima."

Kisha akatoa neno lake la mwisho. Atarudi Pasaka pamoja na mtoto. Akikuta ukuta umekauka, nitabaki, nao watakuja kila kiangazi. Akikuta maji, ananichukua kwake Padova, Italia, na mlango wa hapa tunaupigilia mbao.

Kaka, Padova nitafanya nini? Nitakaa ghorofa ya nne nikihesabu madirisha ya watu. Pantelei yuko hapa kilimani. Nikichota maji namwona.

Jirani yangu Zina anasema dawa ni mabamba ya povu gumu la plastiki, yale ambayo mwanawe anawabandikia watu nje ya nyumba. "Unaivalisha nyumba koti, Agafia, basi! Mbona unajitesa?" Koti lenyewe zuri, ila bei yake ni ya koti la waziri. Wewe umejenga miaka arobaini. Niambie anachoweza kufanya mwanamke mwenye pensheni ndogo, jembe na mikono miwili.

Mdogo wako,
Agafia

*

Bălți, 2 Februari 2013

Mdogo wangu Agafia,

Magoti yamepokea salamu. La kushoto linatabiri theluji, la kulia linatabiri theluji zaidi. Kunywa maziwa ya moto na asali, na usitoke nje kichwa wazi kama ulivyozoea tangu utoto.

Kwanza, funga pochi. Nyumba mbovu ikiona pesa mkononi mwa mtu huzidi kuugua. Na hilo koti la Zina liache dukani. Ukimvalisha koti mtu aliyelowa, hakauki, anaozea ndani ya koti. Mwambie hivyo, lakini kwa upole, maana mwanawe anakula kwa kazi hiyo.

Theluji ikianza kuyeyuka, vaa viatu vya mpira, simama nje, ufuate maji kwa macho. Nina hakika mfereji wa paa umetoboka pale pembeni. Kata bati kwenye banda bovu la kuku uuzibe. Halafu shika jembe. Udongo wa uani umekuwa ukirundikana kwenye ule ukuta mwaka baada ya mwaka. Uondoe mpaka mpira wa Damian ukiwekwa ukutani ujiviringishe wenyewe kwenda bustanini. Hapo na maji yatakwenda huko huko.

Sasa neno gumu. Saruji iliyopigwa nje ya ukuta, kuanzia chini hadi dirishani, lazima itoke yote. Nyumba yenu ni ya matofali ya udongo na makapi ya ngano, na udongo unapumua. Saruji imeuziba mdomo. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanakosa pa kutokea nje, yanakutokea wewe chumbani. Ibomoe, uache ukuta uchi mwezi na zaidi, jiko liwake ndani.

Na wakati huo hamia chumba kikubwa. Najua, najua! Kina jua la kusini, kina jiko zuri, kikavu kama kibiriti, na umefungia humo mazulia ya mahari. Sisi watu wa ajabu, Agafia. Mgeni ambaye hajafika tunampa chumba bora, wenyewe tunalala na kuvu. Hakuna ukarabati wa bei rahisi kuliko kufungua mlango ulio ndani ya nyumba yako.

Kaka yako,
Ilarion

*

Izvoreni, 11 Februari 2013

Kaka Ilarion,

Natumaini u mzima. Mimi nimepata nafuu kidogo.

Mfereji nimeuziba kwa bati. Zina alinikuta juu ya ngazi akapiga kelele, "Shuka, wewe mjane, utamfuata mumeo kabla ya wiki kuisha!" Nikamwambia Pantelei hana haraka na mimi. Udongo nitauondoa ardhi ikilainika.

Saruji siibomoi.

Ile ni kazi ya mikono ya Pantelei. Aliipiga majira ya vuli ya mwaka 1998, siku tisa, kila jioni akirudi shambani. Nilikuwa nikimshikia taa na yeye akipiga mluzi. Alipomaliza akachukua msumari akaandika pembeni, P na A, na mwaka. A ameiandika kubwa kuliko P. Nilimuuliza kwa nini, akasema mkono uliteleza. Na sasa unaniambia niipige nyundo, hata miezi mitatu haijatimia tangu nimfunike udongo?

Na chumba kikubwa, humo ndimo mwili wake ulimolala siku tatu kabla ya kwenda kilimani. Wewe ni fundi, unaona ukuta. Mimi naona mtu.

Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Agafia

*

Bălți, 10 Machi 2013

Mdogo wangu,

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia. Hata salamu sikutuma, na mama angekuwa hai angenivuta sikio. U hali gani? Kikohozi kimeisha?

Sikukukasirikia. Nimeandika barua tatu nikazichoma jikoni, kwa sababu kila moja ilikuwa na ushauri na haikuwa na ukweli.

Ukweli ni huu. Saruji ile ni yangu. Pantelei hakuitaka. Alitaka kuupiga ukuta chokaa kama baba yake alivyofanya, na chokaa alikuwa nayo. Utalikumbuka shimo alilochimba chini ya mzabibu mwaka aliozaliwa Veta. Aliizima kwa maji chokaa ya mkokoteni mzima akaifukia humo, ili siku Veta atakapoolewa nyumba yake isikose. Mimi nikaja kutoka mjini na lori la kazini, nimepakia mifuko ya saruji, nimevaa kofia ya msimamizi. Nikamwambia mbele ya wanaume wote waliokuwa wakinywa divai kwenu, "Shemeji, chokaa ni ya masikini. Unataka dada yangu aishi kwenye banda?" Wakacheka. Yeye akaja kunisaidia kushusha mifuko.

Hakuwahi kunikumbusha neno hilo. Miaka kumi na minne alinikaribisha kila Krismasi, akanipa kiti cha karibu na jiko.

Kwa hiyo ukiipiga nyundo, hupigi kazi ya Pantelei. Unapiga kiburi cha Ilarion. Piga bila huruma. Herufi zake zikate pembeni kwa tindo, taratibu, uzitoe zikiwa nzima.

Chokaa sijui kama ipo. Shimo lisipotunzwa hukauka, na miaka thelathini na nne ni mingi. Chimba uone.

Kaka yako, kama bado unanihesabu,
Ilarion

*

Izvoreni, 31 Machi 2013

Kaka Ilarion,

Salamu. Nakuhesabu. Kaka ninaye mmoja tu, sina wa kubadilisha naye.

Lakini nilikukasirikia siku tatu, sitakuficha. Siku ya nne nikachukua nyundo ya Pantelei. Mwanzo nilipiga kwa hasira, halafu hasira ikaisha na saruji ikawa bado nyingi, nikaendelea kupiga kwa mazoea. Imenichukua siku kumi na mbili, pamoja na kuondoa udongo wa uani. Kaka, ulisema kweli. Nyuma yake udongo ulikuwa laini kama unga uliokandwa, na punje za ngano zilizokuwa katika makapi zilikuwa zimeota humo gizani, majani meupe kama uzi. Niliona huruma. Nikasimama kando nikaacha upepo uupige.

Herufi nimezitoa nzima. Kipande ni kikubwa kama sinia la kuokea mikate. Nimekiweka kisimani, pale ninaposimama nikichota.

Sasa shimo. Kuna jambo moja la Pantelei sikuwahi kulielewa. Kila mwaka kabla ya Pasaka alichukua ndoo mbili za maji akazimwaga chini ya mzabibu, mahali palipokuwa na mchanga mtupu. Mwaka mmoja nilimcheka. "Unamwagilia nini, mzee wangu? Mchanga utaota?" Akasema, "Mwache anywe, naye ana kiu." Nilidhani anausema mzabibu.

Jana nilichimba hapo. Mchanga, mbao zilizooza, mchanga tena, halafu jembe likazama bila sauti. Nyeupe, kaka! Nyeupe na laini kama siagi, inakatika kwa sepeto ikiacha ubapa unaong'aa. Zina alikuwa amesimama kwenye uzio. Akasema polepole, "Mume wangu alinifukia madeni tu." Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Alilitunza, Ilarion. Hakutuambia mimi wala wewe. Alilinywesha tu.

Nalala chumba kikubwa. Usiku wa kwanza nilimwomba Pantelei ruhusa kwa sauti. Nimekunja zulia moja, mengine yako ukutani. Nalala kama mtoto, na sikohoi.

Niambie chokaa inapigwaje. Pasaka ni tarehe tano Mei.

Mdogo wako,
Agafia

*

Bălți, 8 Aprili 2013

Agafia mpenzi,

U mzima wewe, na mimi nimepona kwa barua yako. Nimeisoma mara nne, mara moja kwa sauti kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye ni fundi pia. Amevua kofia. Chokaa ya miaka thelathini na nne! Leo hata tajiri hawezi kuinunua, kwa sababu haiuziwi mtu asiyejua kungoja.

Sikiliza. Mashimo ya ukuta yazibe kwanza kwa udongo, makapi na samadi ya farasi, kama mama alivyotufundisha. Ukitaka kujua kama udongo unafaa, viringisha donge, liachie lianguke kutoka usawa wa kifua. Likipasuka vipande vichache, ni mzuri. Likisambaratika, ongeza udongo mfinyanzi. Likikaa kama keki, ongeza mchanga. Acha ukauke.

Chokaa sehemu moja, mchanga sehemu tatu. Lowesha ukuta kwa brashi kabla ya kupiga, na piga nyembamba, mara mbili. Usiwe na tamaa ya unene. Jua likiwa kali tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake. Kinga macho, chokaa haina huruma na macho. Ya kupaka mwisho ichuje kwa soksi ndefu kuukuu, tia maziwa yaliyotolewa mafuta na buluu ya kufulia kidogo, ile rangi aliyoipenda mama.

Nimefundisha vijana wengi kazi hii, na wengi walikuwa na nguvu kuliko wewe. Hakuna aliyekushinda kwa kuuliza vizuri.

Kaka yako,
Ilarion

*

Izvoreni, 9 Mei 2013

Kaka Ilarion,

Kristo amefufuka! Natumaini barua hii inakukuta na afya, na mayai mekundu niliyokutumia hayakuvunjika njiani.

Veta amekuja, na leo asubuhi ameondoka. Alifika Jumamosi Kuu, hakunisalimu, akaenda moja kwa moja chumba kidogo na koti lake mwilini. Nilimsikia akitembea. Nikakaa jikoni, nimeshika kijiko, sijui nilikuwa nakoroga nini. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka kiganja chake kilikuwa na vumbi jeupe kidogo, akakinusa kama siku ile.

"Mama, nani amekufanyia?"

"Baba yako," nikamwambia. "Mimi nilipaka tu."

Nikamwonyesha shimo, nikamweleza lilikuwa la nini na la nani. Akachuchumaa pale na viatu vyake vya Italia, akaingiza kidole, akajipaka chokaa mkononi, akalia kama alivyolia alipokuwa na miaka sita. Halafu akainuka akasema watarudi Julai, na kwamba nimwambie mapema kama anahitaji kuleta mashuka. Padova hakuitaja tena.

Damian alilala chumba kikubwa nami usiku wote watano. Hakukohoa hata mara moja. Mchana alikuwa anasimama kisimani juu ya kipande cha babu yake, anafuatisha herufi kwa kidole cha mguu. Akaniuliza, "Bibi, kwa nini A ni kubwa?" Nikamwambia mkono wa babu uliteleza.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililokaa kukuandikia. Ukuta wote nimeumaliza, ndani na nje, isipokuwa kipande kimoja cha nje chini ya dirisha dogo, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Hapo ni udongo mtupu. Zina ananicheka, "Chokaa imekuishia, fundi?" Haijaisha. Shimoni imebaki ya kutosha, na nimeimwagia ndoo mbili.

Kipande hicho ni chako. Aliyeleta saruji ndiye atakayepiga chokaa. Usiniambie habari za magoti. Nimeketi mwenyewe kwenye kigoda cha kukamulia nikapima, na mkono unafika kila mahali bila kuinuka. Chumba kidogo kimekauka na hakina mtu. Kitanda nimekisogeza karibu na jiko.

Basi la Bălți linapita hapa Jumanne na Ijumaa. Uje na mwiko wako, wa kwangu umeshauzoea mkono wangu.

Mdogo wako,
Agafia